Muulize Anaona Nini

Kuna asubuhi moja hainitoki akilini, mwanangu. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini nchi hii, Abu Turki, aliingia karakana na kijiboksi mkononi, akakiweka juu ya meza yangu pole pole kama mtu anayerudisha chombo cha jirani, akasema, "Halas, ya Bakari. Na hiki pia mafi faida," yaani basi, hiki nacho hakina faida.

Nimeikumbuka tena jana, uliponifungia kilengeo cha nukta kwenye ile bunduki ya klabu ninayofundishia. Nilikaa kitini nikakutazama. Ulifungua chemba kwanza, ukachungulia, ukatia na kidole, ukageuzia mtutu kwenye ukuta wa mchanga, ndipo ukashika bisibisi. Moyoni nikasema, alhamdulillahi, huyu kijana kafunzwa. Kazi yako ni safi, sina la kukosoa kwenye skrubu. Lakini lipo jambo ambalo sikutaka kulisema mbele za watu. Basi kaa kidogo. Chai iko kwenye chupa, na wanachama hawaji mpaka jua lipoe.

Siku hizo nilikuwa kijana niliyetoka Kisauni, ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, bado inanukia wino. Nilikuwa nikilala mtaa wa Malaz, chumba kimoja na Wakenya wenzangu, na kila alfajiri gari la kazi likitupeleka nje ya Riyadh, hapa hapa kwenye viwanja vya shabaha. Karakana hii ilikuwa ya Abu Turki. Wanawe hawakuipenda. Mkubwa wao, Turki mwenyewe, kila akiingia alikuwa akitazama kuta kwa namna fulani, na mimi nilijua anawaza mashine ya kahawa itakaa wapi. Si umeuona mji huu? Duka likifungwa asubuhi, jioni pana mkahawa.

Abu Turki alikuwa mpiga shabaha wa zamani, wa kulenga kwa vyuma vitupu: mwanya wa nyuma, ncha ya mbele, na shabaha kule mbali, vitatu hivyo uvipange mstari mmoja. Macho ya kijana huvipanga bila kufikiri. Macho ya mtu mzima huchagua kimoja na kuviacha viwili katika ukungu. Yeye alianza kuiona ncha kama uzi wa sufu. Akasikia kwamba kuna vilengeo vya nukta nyekundu, kioo kidogo tu, ndani yake pana nukta inayowaka. Huna haja ya kupanga vitu vitatu. Unatazama shabaha, macho yote mawili wazi, unaiweka nukta juu yake, basi. Akaniambia, "Nifungie, ya Bakari. Nikishindwa na hicho, bunduki naiweka chini, na mahali hapa nampa Turki afanye anachotaka."

Hakuwa akitania. Alikuwa mtu asiyepandisha sauti, na asiyerudi nyuma akishasema. Kwa hiyo nilijua kilichokuwa kwenye meza yangu. Kwake yeye, ilikuwa ni furaha yake ya mwisho iliyobaki tangu mkewe afariki. Nilimpenda yule mzee, nakwambia kweli. Wapo makafili wa kila namna, na wewe utawasikia watu wakisimulia, lakini yule alikuwa akila chakula chake hapa pamoja na sisi, sinia moja, na akimwona mtu amenyamaza humuuliza habari za nyumbani.

Nikachagua kama nilivyofunzwa. Sikukimbilia kikubwa wala kinachong'aa. Kwa mtu anayepiga karatasi pole pole, nukta iwe ndogo, maana nukta kubwa inaifunika shabaha yenyewe na unabaki kulenga kwa kubahatisha. Kwa mtu anayehitaji haraka, anayefyatua na kuhama, hapo kubwa ina faida, jicho linaidaka upesi. Nikatazama kama mwanga wake unapungua vya kutosha, si kuongezeka tu. Watu wakinunua wanauliza itawaka jua la mchana? Itawaka. Wewe uliza itafifia kiasi gani, kwa sababu nukta kali inamwagika machoni. Nikatazama na mfuniko wa betri: je, unafunguka bila kuking'oa kilengeo chote? Kama haufunguki, kila ukibadilisha betri itabidi uanze kukilinganisha upya na shabaha, na wewe ndiye utakayesumbuliwa.

Kufunga nako nilikufanya kwa subira. Nilifuta mafuta kwenye reli na kwenye skrubu mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Nikakisukuma kilengeo mbele kabisa kwenye mfereji wake, ili teke la bunduki lisipate pa kukisogezea. Skrubu nikazikaza kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, kwa ile spana inayolia ikifika kipimo, si kwa nguvu za bega. Tone la gundi ya skrubu, tone moja, maana wengine wanamimina kama wanakaanga. Mwisho nikachora mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwenye kiti chake. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Huna haja ya kubishana na mtu.

Nikaenda uwanjani, nikaegemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, nikapiga, nikarekebisha, nikapiga tena. Matundu yakakusanyika mahali pamoja, unaweza kuyafunika kwa kifuniko cha chupa. Nikamkabidhi Abu Turki huku nimevimba kichwa.

Alipiga yeye. Matundu yakatawanyika karatasi nzima.

"Kinacheza hiki," akasema. Nikatazama mstari mweupe, haujakatika. Nikapiga mimi, matundu yakakusanyika. Akapiga yeye, yakatawanyika. Nikabadilisha kilengeo, nikaagiza cha aina nyingine. Mambo yakawa yale yale. Wanawe walikuwa wamesimama nyuma, na Turki akasema kwa upole kabisa, "Baba, pumzika." Ule upole ulimuuma kuliko kama angetukanwa. Niliona shingo yake ikikakamaa.

Kuna kitu kingine nilikiona pia. Kila akilenga, alikuwa akiinamisha kichwa kidogo upande wa kulia, kisha kushoto, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi yaliyopinda. Nilikiona na nikanyamaza. Ningesemaje? Ni kafili wangu, mtu mzima, na wanawe wamesimama pale. Kwetu Kisauni humwambii mzee "mbona unainamisha kichwa" mbele ya watoto wake. Na kwao pia ni hivyo hivyo. Basi nikaendelea kukaza skrubu ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya kijiboksi. Ndani yake kilikuwamo kilengeo cha tatu, nacho kimeshindwa vile vile. Nikamwomba jambo moja tu: yupo mzee wetu Jeddah, mtaa wa Bani Malik, anatengeneza miwani na darubini, na wawindaji humpelekea yeye vilengeo vyao. Akikifungua hiki akasema hakifai, basi. Abu Turki akafikiri, akasema hata hivyo alikuwa na safari ya kumwona dadake mtaa wa Al-Hamra, huko huko Jeddah. Tungekwenda pamoja kwa gari lake. Bunduki ikabaki kabatini Riyadh, kwa kufuli, tukachukua kilengeo peke yake. Alipofunga kabati alisimama kidogo, akaupapasa mlango wake. Nilijua anaaga.

Njiani aliendesha mwenyewe. Jangwa lote lile, na redio imezimwa. Nilimwona akikaza macho kwenye vibao vya barabarani mpaka vikapita.

Yule mzee wa Bani Malik tulikuwa tukimwita Ami Seif. Aliletwa na wazazi wake kutoka Unguja akiwa mdogo, baada ya mapinduzi, akakulia Jeddah, lakini ukimsikia ungedhani jana alikuwa Malindi ya Unguja anakula urojo. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la vitambaa, ngazi nyembamba. Abu Turki akasema atangoja garini. Nikapanda peke yangu.

Ami Seif alikichukua kilengeo, akakiwasha, akakitazama dhidi ya ukuta, akakizungusha mkononi. Hakukifungua. Akaniuliza, "Kina nini?"

"Nukta haitulii, Ami. Hiki ni cha tatu, skrubu nimekaza, na mstari wa rangi haujakatika. Mimi nikipiga inakwenda sawa. Mwenyewe akipiga, inatawanya."

"Na huyo mwenyewe, anaona nini humu?"

"Sijamuuliza."

"Weye! Vilengeo vitatu umefunga, skrubu zote umekaza, rangi umepaka, na hujamuuliza mtu anaona nini?"

"Ni kafili wangu, Ami. Ningemuulizaje mbele ya wanawe?"

"Hebu sikiza n'kwambie," akasema, na akakiweka kilengeo chini. "Heshima ndo hiyo, kumwacha mtu mzima aadhirike mbele ya wanawe kwa sababu weye unaona haya ya kuuliza? Hiyo si heshima yakhe, hiyo ni kujihifadhi nafsi yako. Umekipima kioo kwa jicho lako, ukamkabidhi mwenye jicho jengine. Nenda kamwite."

Nilishuka ngazi masikio yakiwaka moto. Sikujua kama nimekasirika au nimeona aibu, nadhani vyote viwili. Abu Turki hakutaka kupanda. Nikamwambia, "Baba, mzee amekuandalia kahawa." Hilo hakuweza kulikataa, Mwarabu gani anakataa kahawa ya mzee mwenzake?

Ami Seif akammiminia, wakaulizana hali kwa Kiarabu cha Jeddah, afya, watoto, mvua za mwaka ule. Kikombe cha pili. Mimi nikiwa pembeni natamani waharakishe. Kisha Ami akampa kile kilengeo kama anayempa tende, akamwambia, "Tazama ukutani pale, ya akhi. Nieleze umbo lake."

Abu Turki alitazama. Akainamisha kichwa kulia, halafu kushoto.

"Ina mkia," akasema.

"Mkia wa namna gani?"

"Kama nyota inayodondoka. Na pembeni imemwagika." Akakishusha. "Vyote vitatu vilikuwa hivyo. Nikajiambia, labda ndivyo zilivyo, na wengine wana ustadi kunishinda."

"Basi kizungushe hicho mkononi, pole pole, kama usukani. Mkia unazunguka nacho?"

Akazungusha. "La. Kilengeo kinazunguka, mkia umesimama pale pale."

"Kama ungezunguka nacho, ningekwambia kioo kibovu. Haukuzunguka. Basi uko kwenye jicho lako."

Sitasahau uso wake. Akakiweka kilengeo chini. Akasema, sauti ndogo kabisa, kwamba baba yake alikufa kipofu. Kwamba alianza hivyo hivyo, kwa taa za usiku kumwagika. Kwamba kwa miezi alikuwa akiendesha gari huku akiomba, na hakumwambia mtu, hata dadake, kwa sababu siku atakapolisema litakuwa kweli. Alikuwa na miwani nyumbani, kwenye droo, ya zamani, ambayo hakutaka wanawe wamwone nayo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba habari ya bunduki ilikuwa ndogo. Yule mzee alikuwa anangoja giza, peke yake, na sisi wengine tunakaza skrubu.

Ami Seif hakumpa pole nyingi. Akamwambia, "Nawe umekosea. Huyu kijana kakuonea haya, nawe umewaonea haya wanao, na baina yenu mumekwenda kulaumu kijidude. Mimi ni fundi miwani, siwezi kukwambia jicho lako lina nini. Nenda hospitali kesho. Na mwende pamoja."

Tukaenda pamoja. Nilikaa naye pale nje, yeye na tasbihi yake, na mimi nikamshika mkono. Daktari alimpima mpaka tukachoka kungoja. Alipotoka alikuwa analia, kisha nikaona anacheka pia. Halikuwa gonjwa la baba yake. Kioo cha mbele cha jicho lake hakikuwa duara sawasawa, basi, jambo ambalo watu chungu nzima wanalo na hawajui. Mwanga mdogo mkali ukiingia unavutika, ukawa mkia. Dawa yake miwani. Na akaambiwa arudi kupimwa mara kwa mara, kwa ajili ya historia ya nyumba yao, na hapo aliitikia bila ubishi.

Tuliporudi Riyadh nilikifunga kile kilengeo cha kwanza kabisa, si kipya. Akavaa miwani aliyoandikiwa na daktari, na juu yake ile miwani ya kukinga. Safari hii nilimuuliza. "Baba, unaona nini?" Nikapunguza mwanga. Nikamuuliza tena. Nikapunguza tena, mpaka akasema, "Hapo. Hapo ni nukta." Ndipo nikamwachia alinganishe mwenyewe, kwa jicho lake, mimi nikizungusha skrubu tu kama anavyoniambia. Turki alikuwa amesimama nyuma. Karatasi ilipoletwa, matundu yote mahali pamoja, aliitazama, akamtazama baba yake na ile miwani, akambusu kichwani. Mkahawa alikuja kuufungua mahali pengine, na kahawa yake ni mbaya, lakini hilo ni jambo jingine.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana chai inapoa.

Kutunza utatunza, najua. Vumbi la Riyadh lipulize kwanza, usilifute, maana ni mchanga ule na utachora kioo. Kitambaa laini baadaye. Betri ibadilishe kabla haijafa, chagua siku usiyoweza kuisahau, mimi hubadilisha Shaaban ikiingia. Usikiache garini wakati wa kiangazi. Utazame mstari mweupe kila kabla ya kupiga, na ukikuta umekatika, usikaze ukaendelea kama hakijatokea kitu. Linganisha upya. Na akitokea mtu ambaye hata kwa miwani na mwanga mdogo mkia haumwachi, usimlazimishe nukta. Kuna vilengeo vya alama iliyochorwa kwenye kioo chenyewe, hivyo macho mengi yanavikubali. Kilengeo kizuri ni kile anachokiona mwenye bunduki, si kile unachokipenda wewe.

Lakini hayo yote unaweza kufunzwa na yeyote. Langu mimi ni lile aliloniambia Ami Seif, Mungu amrehemu. Ukishamaliza kufunga, kabla hujasema "tayari", muulize mtu anaona nini. Awe bosi, awe mzee, awe mwanamke aliyekuja na mumewe na mume ndiye anayejibu kila kitu. Mchukue pembeni kama yuko mbele za watu, mpe kikombe cha kahawa, muulize kwa adabu, kisha ungoje jibu. Kungoja ndiko kugumu. Na wewe mwenyewe ukija kuulizwa siku moja, jibu kweli.

Jana ulipomaliza ulinipa bunduki ukaniambia, "Tayari, mzee." Nikatazama, nikasema ahsante, nikakurudishia. Hukuniuliza. Najua kwa nini, na wala sikukasirikii, mimi ndiye mkubwa hapa na wenzako walikuwa wamesimama. Lakini na mimi sikukwambia, na huku hadithi hii naijua kuliko mtu yeyote. Tangu kabla ya Ramadhani macho yangu yananisumbua, na sijakwambia wewe wala mtu mwingine. Kocha asiyeona, ikama yake haina maisha, na mimi nyumba ya Kisauni bado sijaiezeka. Naogopa, mwanangu. Nimeona nikwambie wewe kwanza.

Mungu akupe macho mazima mpaka uzeeni, na mkono usiotetemeka, na ulimi usioona haya kuuliza. Akuweke mbali na siku ya kungoja giza peke yako, na akikuletea anayengoja, akupe subira ya kukaa naye kitini. Amin.

Haya. Weka kikombe chini, leta ile bunduki, hakikisha chemba ni tupu. Halafu niulize.